Ekari ngapi kwa kila mwanachama, na zao gani baada ya mpunga? (skimu ya hekta 140, Usangu)

Katibu_Mfereji

Habari za kazi wakuu, na wakubwa shikamooni.

Naomba mawazo ya wanaolijua bonde la Usangu. Skimu yetu ya umwagiliaji ipo kati ya Igurusi na Chimala. Eneo lote ni hekta 140, wanachama 210. Banio (kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini) ni la zege, mfereji mkuu ni wa udongo, kilomita 3.2, na una matawi manne. Tawi la kwanza na la pili ni udongo tifutifu wenye kichanga. La tatu na la nne ni udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi. Maji yanayoingia mferejini pale banioni ni lita 90 kwa sekunde katikati ya Desemba, lita 190 kuanzia Januari hadi Machi, na lita 35 mwezi Agosti.

Mashamba hayana mpangilio. Mmoja ana nusu ekari, mwingine ana saba, na maji yanapita jaruba (kishamba cha mpunga chenye kingo) hadi jaruba, wa chini anasubiri wa juu atosheke. Ardhi ni ya kijiji, na mkutano mkuu umekubali ipimwe upya na kugawanywa sawa.

Maswali ni haya. Kila mtu apewe ukubwa gani? Baada ya mpunga walime nini, na wangapi? Halafu watu wa tawi la nne hupandikiza mwishoni mwa Februari na kuvuna mapepe matupu. Tatizo ni mbegu au ni maji?

---

Fundi_Banio

Mkuu, usianze na ekari, anza na maji. Ukigawa ardhi kwanza utagundua Februari kwamba umewagawia watu udongo mkavu.

Hizo lita 190 ni za banioni. Mfereji wa udongo wa urefu huo, ukiwa na nyasi na mashimo ya kaa, hupoteza theluthi moja au zaidi njiani. Pima mwenyewe. Chagua kipande cha mfereji kilichonyooka cha mita 10, pima upana wa maji na kina mahali patatu uchukue wastani, kisha tupa kipande cha gunzi juu ya maji na uhesabu sekunde. Mfano: upana mita 1.2, kina mita 0.35, gunzi limetumia sekunde 17. Mita 10 gawanya kwa 17 ni 0.59. Zidisha kwa 0.75, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kisha kwa 1.2 na kwa 0.35. Unapata kama lita 185 kwa sekunde. Rudia siku hiyo hiyo mwishoni mwa mfereji mkuu, matawi yakiwa yamefungwa. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayopotea.

Tuseme zinapotea asilimia 35. Zinabaki lita 124, sawa na mita za ujazo 10,700 kwa siku. Mpunga uliokwisha kupandikizwa unakunywa karibu lita 1 kwa sekunde kwa hekta, yaani milimita 8 na kitu kwa siku, ukijumlisha jua na maji yanayozama ardhini. Kulainisha na kuvuruga tope kabla ya kupandikiza kunataka milimita 200, ambazo ni mita za ujazo 2,000 kwa hekta.

Siku za mwanzo, shamba likiwa tupu, maji yote yanakwenda kwenye kuvuruga na mnaandaa hekta 5 kwa siku. Zikishapandwa hekta 60, hizo peke yake zinakunywa nusu ya maji, kasi inashuka hadi chini ya hekta 3 kwa siku. Zikifika 100 mnabakiwa na maji ya kuandaa hekta moja tu kwa siku. Hapo ndipo tawi la nne linapoachwa. Mnaweza kufunga zamu na kulinda mageti usiku kucha, hesabu haibadiliki. Mkianza Januari mosi mkitegemea mto peke yake, hekta 100 zinakamilika karibu tarehe 8 Februari, na hekta 124 ndizo mwisho kabisa. Mvua nzuri ya Januari inasogeza mambo mbele, lakini skimu ipangwe kwa mwaka wa mvua haba.

Kuna mambo mawili ya kuokoa siku. Kwanza, limeni kavu mara baada ya kuvuna, kabla ardhi haijakauka na kupasuka. Mbuga yenye nyufa ukiifungulia maji, yanaingia kwenye nyufa na kwenda chini moja kwa moja, juu udongo bado ni mabonge. Ukiwa umelima kavu na kuvunja nyufa, milimita 150 zinaweza kutosha badala ya 200. Pili, msisubiri Januari. Zile lita 90 za Desemba zianze kazi tarehe 15. Kwa haya mawili, hekta 105 zinakamilika wiki ya mwisho ya Januari.

---

Mpima_Majaruba

Naendelea alipoishia Fundi.

Toa asilimia 10 ya eneo kwa ajili ya mifereji, mitaro ya kutolea maji na njia za trekta. Zinabaki hekta 126, na kwa watu 210 ni hekta 0.6 kila mmoja, kama ekari moja na nusu. Pimeni kipande cha mita 60 kwa 100, ndani yake majaruba 6 ya mita 20 kwa 50.

Pimeni kwa mita, si kwa hatua. Vijijini ekari ni "sabini kwa sabini", na hiyo inatokana na yadi. Ekari ya mraba ina upande wa mita 63.6. Mtu akishika futi kamba ya mita akapima sabini kwa sabini, amechukua mita za mraba 4,900 badala ya 4,047, karibu robo ekari zaidi. Kwenye vipande 210 kosa hilo linawanyima ardhi watu wengi wa mwisho wa foleni, na ugomvi wake hauishi.

Kwa nini 20 kwa 50? Jaruba dogo la 10 kwa 10 lenye kingo za sentimita 40 linakula asilimia 8 ya ardhi kwa kingo peke yake. La 20 kwa 50 linakula asilimia 3. Pawatila inageuka vizuri, na kombaini ikija haivunji kingo kila baada ya hatua kumi. Lakini upande mrefu ufuate usawa wa ardhi, usishuke mteremko. Ardhi inayoshuka nusu mita kwa kila mita 100 ina tofauti ya sentimita 10 ndani ya mita 20, na hiyo inasawazishika kwa ubao na tope. Ukigeuza jaruba, mita 50 zinashuka sentimita 25, utabeba udongo mwaka mzima. Huku juu miche inakauka na ndago zinaota, kule chini miche inazama. Kwa kupima usawa unatosha ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi.

Kila kipande kiwe na toleo lake kutoka mfereji wa tawi na mlango wake wa kutolea maji kwenye mtaro. Hili msilegeze hata kidogo. Maji ya jaruba hadi jaruba yanabeba mbolea ya wa juu kumpelekea wa chini, na wa chini hawezi kukausha shamba avune mpaka wa juu naye akaushe. Toleo liwe bomba la plastiki la inchi 4, la urefu mmoja kwa wote, limejengewa kwa zege ili mtu asiling'oe na kuweka la inchi 6. Maji ya mfereji yakiwa juu ya bomba kwa sentimita 15, linapitisha kama lita 8 kwa sekunde. Kulainisha kipande kizima kwa milimita 150 kunachukua saa 30 hivi, kwa hiyo zamu ya kuvuruga ihesabiwe kwa saa hizo.

---

Mama_Kitalu

Ndugu Katibu, kwenye mapepe ya tawi la nne, kosa la kwanza ni kuchelewa, mbegu inafuata.

Usangu ipo karibu mita 1,000 hadi 1,100 juu ya bahari. Kuanzia Mei usiku unakuwa baridi, na Juni hadi Julai ndiyo zaidi. Mpunga ukiwa na mimba, usiku ukishuka chini ya nyuzijoto 17 hivi, chavua haikomai sawasawa. Masuke yanatoka, yanasimama wima, ukiyabonyeza hayana kitu. Suke lenye punje huinama. Mbegu ya SARO 5 inakomaa kwa siku kama 120 tangu kusiwa. Ikisiwa mwanzoni mwa Januari na kupandikizwa kabla Januari haijaisha, mimba inaangukia mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, bado kuna joto. Ikipandikizwa mwisho wa Februari, mimba inaangukia kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, ukingoni kabisa. Mbegu za muda mrefu kama Supa na Kilombero, ambazo huchukua siku 140 au zaidi, zikipandikizwa tarehe hizo zinaingia kwenye baridi kamili. Kama tawi la nne wanapanda hizo kwa sababu ya harufu na bei, wazipande tu mwaka ambao maji yamefika mapema.

Sababu nyingine wengi hawaioni ni umri wa miche. Wa mkiani anasia Desemba pamoja na wenzake, halafu maji yanamfikia Februari, miche ina siku 50. Mche mzee ukihamishwa hautoi machipukizi, unakimbilia kuchanua na shina moja au mawili. Miche ipandikizwe ikiwa na siku 18 hadi 21. Wanaofuata kilimo shadidi wanapandikiza siku ya 8 hadi 12, mche mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25. Kwa hiyo kila tawi lisie kwa tarehe yake, siku 20 kabla ya zamu yake ya maji, si skimu nzima siku moja.

Vitalu viwe vya pamoja karibu na banio. Vikiwa 210 vimetawanyika, mfereji mzima wa kilomita 3 unajazwa maji Desemba ili kunywesha vipande vidogo vidogo, na nusu ya maji ya mwezi inaishia njiani. Kwa ekari moja ya kupandikiza kwa kawaida tengeneza kitalu cha mita za mraba 160 hadi 200 na mbegu kilo 16 hadi 20. Kwa shadidi mita za mraba 40 na kilo 3 zinatosha.

Mbolea: DAP kilo 50 kwa ekari wakati wa kusawazisha mara ya mwisho, ichanganywe na tope. Urea kilo 50 kwa ekari, nusu iwekwe wiki mbili baada ya kupandikiza na baada ya palizi, nusu nyingine mpunga unapokaribia kubeba mimba. Kabla ya Urea punguza maji yabaki kidogo tu na ufunge toleo siku tatu. Ukimwaga Urea kwenye maji yanayotembea umemwekea jirani.

---

Katibu_Mfereji

Asanteni sana, haya ndiyo yaliyokosekana kwenye kikao. Sasa vipande 210 vya hekta 0.6 ni hekta 126, na Fundi anasema maji ya kuaminika ni ya hekta 105. Hizo 21 tumwambie nani asilime? Kuna wazo la kumpa kila mtu nusu ya kipande juu na nusu chini ili shida iwe ya wote.

---

Mpima_Majaruba

Nusu juu nusu chini ni haki ya zamani na ina mantiki yake, wa juu anakuwa na uchungu na maji ya chini. Lakini unapata vipande 420, matoleo 420, na kila kitu kinarudi kuwa kidogo. Kuna njia nyepesi. Kila kipande kina majaruba 6. Mwaka ukiwa wa maji haba, kila mwanachama, wa tawi lolote, analaza jaruba la sita. Majaruba matano mara 210 ni hekta 105 kamili. Kikao cha kuamua kikae kabla ya kusia vitalu vya tawi la tatu, kwa kuangalia kipimo cha banioni. Jaruba lililolazwa liwe lile la chini kabisa la kila kipande, lisifunguliwe maji na lisipandikizwe kimyakimya, na liandikwe kwenye sheria ndogo pamoja na faini.

Mwaka wa mvua nzuri yote sita yanalimwa.

---

Fundi_Banio

Naunga mkono. Na maji ya mitaro ya tawi la kwanza na la pili msiyaache yapotee. Udongo wa kichanga unazamisha mengi, mengine yanatokeza mtaroni. Mkiuelekeza mtaro uingie kwenye kichwa cha tawi la tatu, mnayatumia mara ya pili. Bonde zima la Usangu linafanya hivi, maji ya ziada ya mmoja ni banio la mwingine. Ila msiyahesabu kwenye mpango kabla ya kuyapima.

---

Ruaha_Chini

Kabla hamjafika kiangazi, Katibu, nijibu hili: hizo lita 35 za Agosti ni za mto mzima au za mferejini? Na kibali kinasemaje?

Nauliza kwa sababu mito yote ya Usangu inakwenda Mto Ruaha Mkuu, inaingia ardhioevu ya Ihefu, na maji hayatoki Ihefu mpaka yapande yafikie kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Yakipungua chini ya kizingiti hicho, mto unakatika ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na umekuwa ukikatika kiangazi tangu miaka ya 1990. Viboko wanabanana kwenye madimbwi. Chini zaidi kuna bwawa la Mtera. Kila lita inayolowesha jaruba tupu Septemba ina mtu au mnyama anayeikosa huko.

---

Katibu_Mfereji

Ni za mferejini, mkuu. Mto wenyewe juu ya banio una lita 60 mwezi huo. Kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Rufiji kinaruhusu lita 40 kwa miezi ya kiangazi.

---

Ruaha_Chini

Basi mpo ndani ya kibali. Wekeni alama ya rangi kwenye geti la banio ili kila mtu aone limefunguliwa kiasi gani.

Mpunga wa kiangazi usahaulike kabisa. Na machipukizi ya mabua yanayoota upya baada ya mavuno msiyatunze, yanahifadhi kimyanga (ugonjwa wa virusi wa mpunga) mpaka msimu ujao, na mbawakavu wanauhamishia kwenye vitalu vya Desemba. Limeni kavu kama alivyosema Fundi, mnaua mambo mawili kwa jembe moja.

Sasa eneo. Maji yakiwa kidogo mfereji wa udongo unapoteza sehemu kubwa zaidi, hesabuni nusu. Zinafika lita 17.5. Maharage, vitunguu au mahindi kwa mifereji ya matuta yanataka milimita 10 kwa siku ukijumlisha upotevu wa shambani. Hizo lita zinatosha hekta 15 tu. Kwa hiyo kiangazi ni tawi la kwanza peke yake, lile la karibu na banio lenye udongo tifutifu, na matawi mengine matatu yafungwe kabisa. Hekta 15 kwa watu 210 ni mita za mraba 700 kila mmoja, 20 kwa 35. Wenye vipande vya tawi la kwanza wanaazima ardhi kwa wenzao kuanzia Mei hadi Oktoba. Kwa kulipia hilo, wao ndio wa kwanza kupewa zamu ya kuvuruga Desemba.

---

Mama_Kitalu

Kwa ratiba hiyo tawi la kwanza linavunwa mapema, kabla ya Mei, vizuri sana.

Maharage yapandwe ndani ya siku chache baada ya kuondoa mabua, unyevu wa mpunga bado upo, yanaokoa maji ya wiki mbili za mwanzo. Mbegu za kituo cha utafiti cha Uyole zinafaa. Vitunguu sieni kitaluni mwezi wa Aprili, vihamishwe Juni vikiwa na wiki 6 hadi 8, sentimita 10 kwa 15 juu ya matuta mapana. Vitatoka Septemba. Mizizi yake ni mifupi, haivumilii kukosa maji zaidi ya wiki. Nyanya za Juni na Julai zinapigwa na ugonjwa wa bakajani chelewa kwa baridi na umande, asiyeweza kunyunyizia dawa kila wiki aache. Mahindi ya kuchoma yana soko barabarani, ila yanakunywa muda mrefu kuliko maharage, na kiwavijeshi vamizi lazima akaguliwe kwenye kiini cha mhindi mara mbili kwa wiki.

---

Fundi_Banio

Zamu ya kiangazi hii hapa. Mita za mraba 700 kwa mahitaji ya siku 6 ni mita za ujazo 42. Mkondo wa lita 17.5 unazitoa kwa dakika 40. Watu 210 kwa dakika 40 ni saa 140, siku 6 kasoro, mchana na usiku bila kukatika.

Usiku ndio utawasumbua. Mwenye zamu ya saa nane anafungulia na kwenda kulala, maji yanavunja tuta. Mkimwagilia mchana tu, zamu inafika siku 12 na vitunguu vinakwisha. Dawa yake ni bwawa dogo la usiku mwanzoni mwa tawi la kwanza. Lita 17.5 kwa saa 12 ni mita za ujazo 756, kwa hiyo chimbeni mita 25 kwa 25, kina cha maji mita 1.2. Chini na pembeni sindilieni udongo wa mbuga kutoka tawi la nne, tabaka la sentimita 30, ukiwa na unyevu wa kushikika mkononi bila kunata. Kichanga cha hapo juu hakitashika maji. Wekeni njia ya kumwagia maji ya ziada sentimita 30 chini ya ukingo, ipigwe mawe. Maji yakishaingia bwawani, udongo huo usiachwe ukauke kabisa hata siku moja kiangazi, ukipasuka utaanza upya.

Asubuhi mnafungua bwawa pamoja na mfereji, mnapata mikondo miwili ya lita 17.5. Watu wawili wanamwagilia kwa wakati mmoja, dakika 40 kila mmoja, watu 36 kwa siku, na zamu inarudi siku ya sita.